Guangdong, Sichuan au Kaskazini-Magharibi: uanzie jiko lipi la Kichina?

Ukimwambia mtu unataka kujifunza kupika Kichina, atafikiria wali wa kukaanga na kuku wa vipande kwenye sosi nzito, yaani chakula cha hoteli. Nyumbani kwa Wachina wenyewe mambo ni mengine. Wali huchemshwa mtupu, bila chumvi wala mafuta, kila mtu anapewa bakuli lake, na vitoweo viwili vitatu pamoja na supu vinawekwa katikati ya meza ili kila mmoja achote kwa vijiti vyake. Wali wa kukaanga ni njia ya kumaliza kiporo cha jana.

Na hiyo ni meza ya kusini. Milima ya Qinling na mto Huai ndiyo mpaka wa zamani wa mashamba ya China: upande wa kusini mpunga, upande wa kaskazini ngano. Vuka mpaka huo na wali unapungua mezani, nafasi yake inashikwa na tambi, mikate ya mvuke na mikate ya kuoka.

Nimechukua majiko matatu ambayo mtu wa Mombasa, Mwanza au Bujumbura anaweza kuyapika kwa vyombo alivyo navyo. La kwanza ni Guangdong, mkoa wa kusini ulio baharini. La pili ni Sichuan, bonde lenye unyevu lililozungukwa na milima. La tatu ni kaskazini-magharibi, yaani Shaanxi na Gansu, nchi ya ngano na kondoo. Shanghai na jirani zake nimewaacha kwa makusudi: sukari ni nyingi mno kwa ulimi wangu, na divai ya mchele haikosekani kwenye vitoweo vyao vingi.

Kila jiko kati ya haya lina jambo moja linalolidai kwa nguvu. Guangdong inadai vitu vibichi vya leo, Sichuan inadai kabati lililojaa, na kaskazini-magharibi inadai mikono. Ukijua nyumba yako ina kipi kati ya hivyo, nusu ya uamuzi umekwisha kuufanya.

Dukani

Guangdong ndiyo nafuu kuanza. Sosi ya soya nyepesi, tangawizi, kitunguu majani, kitunguu saumu, mafuta ya karanga na sukari kidogo, basi. Sosi ya chaza ni nyongeza nzuri kwenye mboga za majani. Inasimuliwa kuwa iligunduliwa mwaka 1888 huko Nanshui, pwani ya Guangdong, na Lee Kum Sheung, aliyesahau chungu cha supu ya chaza motoni mpaka kikawa kizito. Lakini unaweza kupika mwaka mzima bila chupa hiyo.

Unachookoa dukani utakilipa sokoni. Jiko hili halina viungo vikali vya kufichia kitu, kwa hiyo samaki aliyelala barafuni siku tatu atajisema mwenyewe. Sato wa kugandishwa kutoka China wanaouzwa sana Kenya wengi wao hufugwa huko huko kusini mwa China, lakini mpishi wa Guangdong hawezi kumweka samaki wa namna hiyo kwenye mvuke. Anataka aliyekuwa anaogelea asubuhi. Mtu wa Kisumu au wa Unguja ana samaki bora kwa pishi hili kuliko Wachina wengi walioko mijini.

Sichuan ni kinyume chake kabisa. Roho ya jiko lake ni doubanjiang, rojo jekundu la pilipili na maharage mapana (yale Wamisri wanayopikia ful), lililochachushwa kwa chumvi ndani ya majungu makubwa yanayoachwa juani mchana na kwenye umande usiku. Ile inayosifiwa zaidi hutoka Pixian, kando ya jiji la Chengdu, na iliyokaa mwaka au zaidi huwa imegeuka rangi ya kahawia. Bila doubanjiang hakuna mapo tofu, kile kitoweo chekundu chenye nyama ya kusaga na tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa). Kuna tofu na nyama ya kusaga tu. Pamoja nayo unahitaji maharage meusi ya soya yaliyochachushwa, siki nyeusi, pilipili kavu, na huajiao.

Huajiao ndiyo inayowashangaza wageni. Ni maganda ya tunda dogo linaloleta ladha ya ndimu kwanza, kisha ganzi kwenye midomo. Mti wake uko kwenye jenasi moja na mjafari wetu, ule wenye miiba ambao waganga hutumia magome na mizizi yake, ila usijaribu kumbadilisha ndugu huyu kwa yule. Huajiao iko kwenye chakula cha China tangu zamani sana, ilhali pilipili ni mgeni: ilitoka Amerika, na maandishi ya kwanza ya Kichina kuitaja ni ya mwaka 1591, yakiisifia kama mmea wa pambo. Ilichukua vizazi kadhaa mpaka ikaitawala Sichuan.

Vitu hivi havipatikani duka la mtaani. Utavikuta kwenye maduka ya Wachina ya Nairobi na Dar es Salaam, au umwagize mtu anayesafiri. Habari njema ni kwamba vinakaa: pakiti ya doubanjiang ikifunikwa vizuri hudumu miezi mingi, kwani chumvi yake yenyewe inailinda.

Kaskazini-magharibi inahitaji unga wa ngano, chumvi, sosi ya soya, kitunguu saumu, pilipili ya unga, bizari nyembamba na nyama ya kondoo au ng'ombe. Kitu kigeni ni kimoja tu, siki nyeusi ya nafaka. Siki nyeupe haitoshi mahali pake kwa sababu ni kali bila utamu. Ukiikosa nyeusi, changanya nyeupe na soya na sukari kiduchu, utakuwa umekaribia.

Motoni

Chombo kikuu cha Wachina tunacho: ni karai. Tafuta la chuma, si la alumini, ulipashe moto mara kwa mara na mafuta mpaka ligeuke jeusi, na chakula kitaacha kushika. Jiko la mkaa lililokolea linatoa moto mzuri kuliko mtungi mdogo wa gesi, kwa sababu vitoweo vya kukaanga haraka, vya Guangdong na vya Sichuan vyote, vinataka karai litoe moshi kabla hujatia kitu. Ukiwa na gesi ndogo, pika kidogo kidogo. Ukijaza karai mboga za watu sita kwa mkupuo mmoja, zitajichemsha kwenye maji yake.

Samaki wa mvuke hahitaji hata karai. Weka bakuli dogo kichwachini ndani ya sufuria pana, tia maji, yachemke kwanza. Samaki mzima wa gramu 500 au 600, aliyesafishwa na kukatwa mistari, analala kwenye sahani juu ya bakuli lile na vipande vya tangawizi chini yake. Funika vizuri, dakika 8 hadi 10. Sasa linakuja jambo ambalo wanaoanza hulisahau: mwaga maji yote yaliyojikusanya kwenye sahani, maana ndiyo yenye shombo. Tandaza juu nyuzi mpya za tangawizi na kitunguu majani, pasha mafuta mpaka yafuke, yamwage juu ya nyuzi zile yachachatike, kisha zungushia sosi ya soya pembeni. Chumvi haitiwi kabla. Changu, tasi, sato, wote wanakubali. Shunde, wilaya ya Foshan huko Guangdong ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2014 kuwa jiji la upishi, imejijengea jina kwa samaki wa mabwawa, na pishi hili ni kipimo cha mpishi huko.

Supu za Guangdong ni hesabu nyingine. Hukaa kwenye moto mdogo saa mbili hadi tatu, na bei ya gesi ya siku hizi inafanya mtu afikirie mara mbili. Mkaa unaofifia baada ya kupika chakula cha mchana unafaa zaidi.

Mapo tofu ya Sichuan inaiva kwa dakika 20 ukishaandaa vitu. Kazi yake iko kwenye mafuta: doubanjiang inakaangwa kwa moto wa wastani mpaka mafuta yawe mekundu, na hapo usigeuze kichwa, maana ikiungua inakuwa chungu na hakuna dawa.

Tambi za Shaanxi zinazomwagiwa mafuta ya moto ndizo ningempa mtu anayepika chapati kila wiki. Unga gramu 300, maji mililita 150 hivi, chumvi nusu kijiko cha chai. Donge linakuwa gumu kuliko la chapati. Likande, lifunike, likande tena, kata vipande, vipake mafuta na uviache saa moja au zaidi. Muda huo usiupunguze, kwani ndio unaoufanya unga uvutike bila kukatika. Kisha bonyeza kipande kiwe bapa, kishike ncha mbili, kivute huku ukikipigapiga mezani, na kitupe kwenye maji yanayochemka dakika mbili. Kwenye bakuli: tambi, soya, siki, kitunguu saumu kilichopondwa, kitunguu majani, kijiko cha pilipili ya unga, na mafuta yanayofuka juu ya vyote. Watu wawili au watatu wanashiba kwa gharama ya unga.

Zile tambi maarufu za Lanzhou, mji mkuu wa Gansu, zenye supu safi ya ng'ombe, figili nyeupe, mafuta mekundu ya pilipili na majani ya kijani, ziache. Ni kazi ya fundi, na watu wa Lanzhou wenyewe huzifuata mkahawani asubuhi.

Nguruwe na pombe

Hili lazima lisemwe wazi, kwa sababu wasomaji wengi wa Kiswahili hawali nguruwe wala hawagusi pombe, na katika nyumba nyingi za China ukisema "nyama" bila kufafanua, maana yake ni nguruwe.

Kaskazini-magharibi linashinda hapa bila ubishi. Ni kitovu cha Wahui, Waislamu wa China wanaozidi milioni 10, na vyakula vinavyolitambulisha eneo hilo vingi vimetoka kwao au vimepita mikononi mwao. Huko Xi'an, mji mkuu wa Shaanxi, karibu na msikiti mkuu, mgeni hupewa mkate mgumu na bakuli tupu. Anaumega kwa vidole vyake mpaka uwe punje punje, kisha bakuli linarudi jikoni likamwagiwe mchuzi wa kondoo. Anayemega mapande makubwa hudharauliwa kimya kimya. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou, mji mkuu wa Guangdong, kufuata mizigo wanaijua thamani ya watu hawa: mikahawa ya tambi yenye maandishi ya halali, inayoendeshwa na Waislamu kutoka Gansu na Qinghai, ndiyo inayowalisha katikati ya jiji la nguruwe.

Sichuan inaogopwa bure. Kweli, kitoweo chake cha nyumbani kinachopendwa kuliko vyote ni nguruwe wa kupikwa mara mbili, na kabla ya mwaka mpya familia hukausha nyama hiyo kwa chumvi na moshi. Lakini mapo tofu ya Chengdu kwa asili hupikwa kwa nyama ya ng'ombe ya kusaga. Pishi hilo linahusishwa na mama mmoja wa ukoo wa Chen aliyekuwa na kibanda karibu na daraja la Wanfu mnamo mwaka 1862, na wateja wake wanasimuliwa kuwa wachukuzi wa mafuta. Nyama ya ng'ombe iliyochemshwa kwenye mchuzi wa pilipili nayo inatajwa kutoka Zigong, mji wa visima vya chumvi, ambako ng'ombe walivuta magurudumu ya kupandishia maji ya chumvi na waliochoka waliishia chunguni. Visima hivyo havikuwa mchezo: kile cha Shenhai kilipita mita 1,000 kwenda chini mwaka 1835. Ongeza bilinganya za kukaangwa kwa tangawizi, kitunguu saumu, siki na sukari, na una meza kamili isiyo na nguruwe.

Guangdong ina kuku wa kuchemshwa polepole, samaki, mayai na mboga, kwa hiyo hutakwama. Supu zake nyingi huanza na mifupa ya nguruwe. Weka ya ng'ombe au kuku. Pale pishi linapotaja divai ya mchele, iondoe na uongeze tangawizi. Kuna kinachopungua, sitaki kukudanganya, lakini kitoweo kinasimama.

Kinachorithiwa

Hapa ndipo majiko haya yanapoachana kabisa.

Guangdong mama anamrithisha mwanawe kalenda. Supu inafuata majira na hali ya mwili: hii ya kupoza joto la kiangazi, ile ya kulainisha koo upepo mkavu ukianza, nyingine ya mzazi aliyejifungua. Watu wa pwani yetu hawatashangaa, maana bibi zetu nao wanajua chakula cha moto na chakula cha baridi, na nani asipewe nini. Moja ya supu hizo inapikwa kwa papai lisiloiva sana, samaki na karanga. Vyote viko sokoni kwetu, na sijui kwa nini hatujaipika siku zote hizi. Mkaange samaki kwanza pande zote mbili, tia maji yanayochemka, na mchuzi utageuka mweupe kama wa maziwa. Uji wa mchele nao ni wa kwao: kikombe kimoja cha mchele kwa vikombe 10 au 12 vya maji, saa moja na nusu, ukikoroga mara kwa mara. Analishwa mtoto, mgonjwa na mzee.

Sichuan wanarithishana kitu cha kushika. Ni mtungi wa udongo wa achari ya maji ya chumvi, wenye mfereji wa maji kuzunguka shingo, ili ukifunikwa hewa ya ndani itoke na ya nje isiingie. Ndani kuna figili, kabichi, tangawizi changa, pilipili na maharage machanga, na mboga zikiliwa zinatiwa nyingine kwenye maji yale yale. Maji hayo hayamwagwi. Binti akianza maisha yake hupewa kidogo kutoka mtungi wa mama kama mbegu ya mtungi wake, na katika nyumba nyingine maji ni ya zamani kuliko wanaoyala. Sheria ni kali: mkono wenye mafuta hauingii, vijiti vilivyotoka mdomoni haviingii, mfereji haukauki. Anayejua achari ya maembe ya Zanzibar aelewe kwamba hii haina mafuta wala jua. Uchachu wake unatengenezwa na bakteria wenyewe, na mboga laini zinaweza kuliwa kesho yake. Mtungi wenye mfereji ukikosekana, chupa pana ya kioo yenye mfuniko inafaa, mradi uifungue kidogo kila siku kutoa gesi.

Kaskazini wanarithishana kazi ya pamoja. Usiku wa kuamkia mwaka mpya wa Kichina, familia nzima inakaa kutengeneza jiaozi, vifurushi vya unga vyenye nyama ndani. Mmoja anasukuma, wawili wanafunga, watoto wanapanga, na kwenye kimoja inafichwa sarafu ya bahati. Kwa gramu 500 za unga, mililita 250 za maji. Kujaza kwa kondoo na karoti ni kwa kawaida kabisa huko. Nyama inakorogwa upande mmoja tu, ikinyweshwa maji yaliyolowekwa huajiao au tangawizi, mpaka inate. Wakati wa kuchemsha, maji baridi yanaongezwa kila yanapofoka, mara tatu, ndipo viive ndani bila kupasuka nje. Anayejua kukunja sambusa atajifunza kufunga jiaozi mchana mmoja.

Basi uchague lipi?

Ukikaa karibu na samaki wabichi, au nyumbani kuna watoto wadogo na wazee wasiotaka viungo vikali, anza Guangdong. Ndilo ningelichagua kwa nyumba nyingi za pwani na za kando ya ziwa.

Nyumba ya Waislamu iliyo bara, yenye mikono iliyozoea chapati na watu wa kutosha kukaa kwenye meza moja ya unga, ianze na kaskazini-magharibi, bila kupoteza muda kuuliza kila chupa imetengenezwa na nini.

Sichuan iwe ya pili kwa yeyote, isiwe ya kwanza, hata kama unapenda pilipili. Ladha yake inanivuta kuliko hizo mbili. Lakini kupika Sichuan kwa kabati nusu tupu kunazaa vyakula vyekundu visivyo na kina, na wengi hukata tamaa hapo wakidhani tatizo ni wao. Nunua kwanza doubanjiang, huajiao na siki nyeusi, ndipo ufungue pishi la kwanza. Mtungi wa achari unaweza kuuanza hata leo, kwani unahitaji chumvi na subira tu.

Na ambaye bado hajaamua apike nyanya na mayai, kitoweo ambacho watoto wa majiko yote matatu wanakijua tangu utotoni. Kaanga mayai manne yaliyopigwa kwenye mafuta mengi kidogo, yatoe yakiwa bado laini. Nyanya tatu zilizoiva sana zikatwe, zikaangwe mpaka zitoe maji, chumvi, kisha mayai yarudi na kitunguu majani juu. Kijiko cha sukari kinatiwa au hakitiwi? Wachina wanabishana juu ya hilo mpaka leo. Tia nusu kijiko, uone mezani nani atalalamika.